Boma la Kilimani: Biharamulo na Nchi Inayotazamwa

Ukiwa Nyakahura huwezi kuliona boma la Biharamulo, na boma nalo halikuoni. Kati yenu pana vilima, mabonde na msitu wa miombo, na anayetaka kwenda huko hana budi kuifuata barabara kubwa ya malori mpaka Lusahunga, kisha aiache na kushika ile iendayo kaskazini kuelekea Bukoba. Malori ya Kigali na Bujumbura hayana shida na Biharamulo mjini. Yanatoka Nyakanazi, yanapita Lusahunga, yanapita Nyakahura, yanakwenda zao mpakani. Wapo madereva walioipita njia hiyo miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba pembeni yake, juu ya kilima, ipo ngome iliyojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Hata hivyo mambo mengi ya Nyakahura yaliamuliwa kutoka kwenye kilima hicho: kodi, kesi, amri za kuhama. Enzi za Waingereza hata Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, ilikuwa chini ya Biharamulo. Nchi kubwa ilitawaliwa kutoka mahali penye macho mazuri, na sehemu kubwa ya nchi hiyo macho hayo hayakuifikia. Sura hii inahusu kilichoonekana kutoka kilimani, kisichoonekana, na namna kimoja kilivyozaa kingine.

Tuanze na kilima chenyewe. Biharamulo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na boma limewekwa juu ya mji, mahali ambapo mtu akitoka nje ya lango nchi inamfungukia. Anayepanda asubuhi na mapema wakati wa mvua hukuta ukungu umelala mabondeni na vichwa vya vilima vimechomoza juu yake. Kufikia saa tatu ukungu umekwisha, na unaona mabati ya mji, migomba iliyozunguka nyumba, mashamba ya mihogo na mahindi, halafu miombo inayoanza kwa rangi ya kijani na kuishia bluu kadiri jicho linavyokwenda mbali. Kiangazi ni habari nyingine. Moto wa porini ukishaanza, anga hugeuka majivu, na mgeni aliyesafiri siku nzima kufuata mandhari anaweza asione hata kilima cha pili. Mwenye kamera aje Mei au Juni, hewa ikiwa bado imeoshwa na masika.

Majengo ya aina hii Wajerumani waliyajenga kwa mpango unaofanana karibu koloni zima: kuta nene, ua wa mraba katikati, vyumba vinavyofungukia ndani, lango moja, na pembeni sehemu zilizotokeza nje ili mlinzi aone urefu wote wa ukuta na aweze kupiga risasi pande zote. Juu ya ukuta mara nyingi yaliwekwa meno, kwa mtindo wa ngome za Ulaya za zama za mashujaa wa farasi na mikuki, ingawa kufikia mwaka 1900 askari mwenye bunduki ya kisasa hakuwa na haja nayo. Meno yale yalikuwa maonyesho. Yalijengwa yaonekane kutoka chini. Boma la Mikindani, kule Mtwara, lililojengwa mwaka 1895, lina mnara kabisa unaotazama ghuba. Mwanza kuna ile nyumba ya kilimani inayoitwa kwa jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyo wakati wa Wajerumani, imekaa juu ya mji na ziwa. Kusini mwa Ziwa Tanganyika, Kasanga ilipewa ngome na jina jipya, Bismarckburg. Biharamulo kilima chenyewe ndicho kinachofanya kazi ya mnara.

Boma hili lilijengwa kati ya mwaka 1902 na 1905. Miaka hiyohiyo, kwao Ujerumani, watu walikuwa wamepagawa na minara. Otto von Bismarck, kansela aliyewaita wakubwa wa Ulaya mjini Berlin mwaka 1884 kuzungumzia Afrika, alifariki mwaka 1898. Mwaka uliofuata vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu vilitoa wito kwamba kila mji umjengee mnara juu ya kilima, wenye sahani kubwa kileleni ya kuwashia moto siku za kumkumbuka. Wito uliitikiwa. Mchoro mmoja tu, wa msanifu Wilhelm Kreis, ulijengwa mara 47, na minara yote ya Bismarck kwa jumla ilizidi 200. Mingi bado imesimama, na shughuli yake leo ni kupandisha watu Jumapili wakatazame mashamba, mto na paa za mji, halafu washuke wakanywe bia.

Nalitaja hilo kwa sababu ofisa kijana aliyeletwa Usuwi, kama nchi hii ya Biharamulo ilivyoitwa, mwanzoni mwa karne ya 20 alitoka katika nchi hiyo ya kupanda vilima. Alishafundishwa kwamba juu ni mahali pa heshima na kwamba kuitazama nchi kutoka juu ni sawa na kuielewa. Tofauti ni kwamba kwao mtazamaji alikuwa anatazama nchi yake, na aliyekuwa chini mashambani hakuwa na sababu ya kuinua macho kwa hofu.

Gavana wa koloni katika miaka ambayo boma lilikuwa linapanda alikuwa Gustav Adolf von Götzen, na mtu huyu hakuijua nchi hii kwa ramani tu. Mwishoni mwa mwaka 1893, akiwa bado kijana, alifunga safari kutoka Pangani, akakata bara mpaka mto Kagera, na Mei 1894 akavuka karibu na maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda, kisha akaendelea mpaka bahari ya Atlantiki. Aliupita ukanda huu wa magharibi akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi. Miaka michache baadaye alikuwa Dar es Salaam, akitia saini makaratasi ya kuujengea ukanda uleule vituo.

Boma halikupanda wakati wa amani. Julai 1905 vita vya Maji Maji vililipuka kusini, na vituo vya Wajerumani vikalengwa. Boma la Liwale lilichomwa moto mwezi Agosti. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji walilivamia boma mchana kweupe na wakafyekwa na bombomu kabla ya kuufikia ukuta. Moto huo haukufika Usuwi, lakini habari zilifika kila mahali palipokuwa na ofisa, na nadhani hakuna mkuu wa kituo aliyelala mwaka ule bila kwanza kukagua lango lake.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kilima hakikuwa jangwa la kisiasa kikisubiri Mjerumani.

Nchi hii ilikuwa na watawala wake. Wenyeji waliiita Rusubi, na watu wa misafara kutoka pwani waliizoea kwa jina la Usuwi. Mwaka 1861 ilipitiwa na John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kuishi India. Mtawala wa Usuwi wakati huo alikuwa Suwarora. Speke alikaa katika nchi yake, akalipa hongo ya nguo, shanga na waya wa shaba, akabishana, akasubiri, akatuma wajumbe, akasubiri tena. Suwarora mwenyewe hakumwona hata siku moja. Mazungumzo yote yalipita kwa wakubwa wa baraza, hasa mmoja ambaye Speke aliandika jina lake Sirhid, na kila zawadi iliyopelekwa ilirudi na ombi la kuongezwa. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo Speke alikuwa amefika kwa Rumanika wa Karagwe, mfalme aliyempokea uso kwa uso na kumpa mkono, na maandishi yake yanaonyesha wazi alivyopumua.

Wasomaji wengi wa habari hii wamecheka tamaa ya Suwarora. Mimi naona ufundi. Mtawala ambaye mgeni hamwoni hawezi kupimwa. Mgeni hajui kama ni mzee au kijana, mgonjwa au mzima, ana askari 1,000 au 100. Anachojua ni kwamba kila njia inapita kwa watu wake na kila njia ina bei. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley, akishuka kutoka Karagwe, alikutana na mfumo huohuo ukiwa mikononi mwa Mankorongo, naye akatoka Usuwi mali yake imepungua na hasira zimezidi. Hakuna ukuta wenye meno uliohitajika. Utawala ulikaa njiani, katika vivuko na katika midomo ya wajumbe, na mkubwa alikuwa na nguvu kwa kiasi kilekile alichokuwa amefichika.

Wajerumani walimkuta Kasusura akiwa mtawala, na pole pole wakaligeuza jambo hili lote. Sasa mkubwa ndiye aliyetakiwa kuonekana, tena kila siku na kutoka mbali, kwa ukuta mweupe juu ya kilima, na watawaliwa ndio waliotakiwa kujitokeza wahesabiwe. Kodi ya nyumba, ambayo ilitangazwa kwa koloni mwaka 1897 kwa kiwango cha rupia 3 vijijini, ilikwenda kwa hesabu ya paa. Huwezi kutoza paa usiloliona. Aliyekosa rupia angeweza kulipa kwa kazi, na kazi za serikali zilikuwa nyingi: kufyeka barabara, kubeba mizigo, kusomba mawe. Kila boma la nchi hii lina jasho la aina hiyo ndani ya kuta zake, ingawa vibao vya kumbukumbu, pale vilipo, hupenda kuandika kwamba lilijengwa na Wajerumani, kana kwamba walipanda mlima na beseni la udongo kichwani.

Wazungu wenyewe walikuwa wachache mno. Utawala wa kaskazini-magharibi uliendeshwa kutoka Bukoba, kituo alichokianzisha Emin Pasha mwaka 1890, na nguvu yake ilitegemea machifu waliokubali, askari weusi waliolipwa, na macho. Ndipo unapoelewa kwa nini walijenga mahali hapa. Jengo kubwa lenye watu wachache linahitaji kuonekana kubwa.

Vita vikuu vya kwanza vya dunia vilipofika, macho hayo yalisaidia kidogo sana. Wakati wote Wajerumani wa Bukoba walikuwa wanaangalia kaskazini, kwenye mto Kagera na Waingereza wa Uganda. Pigo likatoka magharibi. Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yaliyoongozwa na Jenerali Tombeur, yaliingia Kigali. Yakaendelea kuteremka, yakavuka Kagera, yakapita katika nchi za Ngara na Biharamulo, nchi za kina Nyakahura, na tarehe 24 Juni 1916 boma la Biharamulo likawa lao. Siku chache baadaye, tarehe 3 Julai, kikosi cha Kijerumani cha Kapteni Gudowius, kilichokuwa kinarudi nyuma kutoka Bukoba, kilijikuta kimezibiwa njia mahali paitwapo Kato. Vita ilikuwa kali na ya karibu. Gudowius alijeruhiwa na kutekwa. Septemba 19 Tabora ikaanguka, na Ujerumani ikawa imetoka magharibi mwa koloni lake moja kwa moja.

Wabelgiji hawakuondoka mara moja. Walilishikilia eneo la Biharamulo, pamoja na Ujiji na Kigoma, mpaka mwaka 1921, wakati wakubwa wa London na Brussels walipokuwa wanavutana juu ya nani achukue nini. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji. Bugufi ilikatwa kutoka Burundi ikabaki Tanganyika. Mtu aliyezaliwa chini ya kilima hiki mwaka 1900 alikuwa amezoea bendera tatu kabla ya kufikisha miaka 22, na kila bendera ilipandishwa kwenye ua uleule. Lugha ya amri ilibadilika. Njia ya kupandia kulipa kodi ilibaki ileile.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wageni wengi wanaosimama langoni husema jambo moja: kwamba nchi hii nzuri haijaguswa. Wanatazama miombo isiyo na mwisho na kuona pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Si kweli. Sehemu kubwa ya wanachokitazama ni nchi iliyoondolewa watu.

Tuanze mwaka 1890 na 1891. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, ulifyeka mifugo ya nchi za maziwa makuu kwa kiasi ambacho wazee walikihesabia miaka: kabla ya sotoka na baada yake. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kula majani na machipukizi, na vichaka vikarudi malishoni. Ndui ikapita. Funza nao, wadudu walioletwa upande wa Atlantiki kutoka Amerika ya Kusini, walikuwa wamevuka bara katika miaka hiyohiyo, wakawalemaza watu miguu wasiweze kulima. Nchi iliyokuwa na nafasi pana kati ya kijiji na pori ikapoteza nafasi hiyo. Mbung'o wanapenda kivuli cha vichaka na damu ya wanyama wa porini, kwa hiyo wakasogea kule ambako majembe na ng'ombe walikuwa wamewazuia.

Malale yakafuata. Kwenye visiwa na kingo za Ziwa Viktoria upande wa Uganda ugonjwa uliua watu kwa makumi ya maelfu mwanzoni mwa karne, kiasi kwamba Robert Koch, daktari mashuhuri wa Berlin, alikuja mwenyewe mwaka 1906 kuuchunguza, akapiga kambi visiwa vya Sese. Aina nyingine ya malale, ile inayotoka kwa wanyama wa porini na kuua kwa haraka zaidi, ilizuka Maswa mwaka 1922, na kutoka hapo ikawa shughuli kuu ya madaktari wa Tanganyika katika nchi za miombo, kuanzia Uzinza na Biharamulo mpaka kusini mwa Tabora.

Dawa zilikuwa chache na kali. Serikali ya Kiingereza ikaamua kwamba njia rahisi ni kuwatoa watu mbung'o walipo na kuwakusanya mahali pamoja, wengi kiasi cha kuweza kufyeka vichaka kwa nguvu zao na kuviweka mbali kwa kilimo. Hesabu iliyotumiwa sana ilikuwa familia zipatazo 1,000 kwa makazi mamoja. Chini ya hapo, waliamini, pori lingeshinda. Kwenye karatasi mpango huu una akili. Kwa familia iliyokuwa na migomba ya babu, makaburi, mizinga ya nyuki porini na kisima inachokijua, ulikuwa ni kung'olewa. Vijiji vidogo vilivyotawanyika mabondeni vilikwisha. Kilichobaki nyuma kilirudi kuwa msitu ndani ya muda mfupi, maana miombo haihitaji kubembelezwa.

Kisha msitu huo ukapata sheria. Mtu mmoja anaionyesha sera hii vizuri kuliko maelezo marefu. Charles Swynnerton aliteuliwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya kuhifadhi wanyama wa Tanganyika, na mwaka 1929 akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Wanyama na mbung'o walikuwa mkononi mwa mtu mmoja, kwa sababu serikali iliyaona yote mawili kuwa swali moja: wapi wakae watu, wapi wasikae. Maeneo yaliyojibiwa "wasikae" yakaja kuwa mapori ya akiba. Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa miongoni mwake, na mwaka 2019 yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba zipatazo 4,700.

Sisemi hifadhi ni dhambi. Ziwa Burigi ni zuri, na nchi yenye hifadhi bora ina bahati. Ninachosema ni kwamba anayesimamishwa kilimani na kuonyeshwa msitu anastahili kuambiwa kwamba chini ya ile bluu ya mbali pana mafiga ya watu. Amri ya kuwahamisha ilitoka ofisini kwa mkuu wa wilaya. Kwa hiyo hili si suala la boma na mandhari yake kana kwamba ni vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Serikali iliyokaa kilimani ilishiriki kuitengeneza nchi ambayo leo tunapanda kilima hichohicho kuisifia.

Hata baada ya uhuru mkono wa kukusanya watu haukupumzika. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, kwa sababu zake nyingine za ujamaa, maji na shule, iliwasogeza tena watu kuelekea barabarani. Ndiyo maana ukisafiri leo unaona nyumba zimejipanga kando ya lami, halafu nyuma yake shamba, halafu pori. Wageni hudhani watu wa huku wanapenda kelele za malori.

Pori lililobaki katikati lilikuwa na kazi nyingine isiyopangwa na mtu yeyote: lilificha. Miaka ya 1990 na baada ya hapo, kipande cha barabara kati ya Nyakanazi, Lusahunga, Biharamulo na mpakani kilijulikana kwa majambazi wenye bunduki za vita za nchi jirani. Mabasi yalikuwa yanasubiriana yakusanyike, kisha yanasindikizwa na askari polisi wenye silaha. Abiria wa zamani wa njia hii wanakumbuka namna mazungumzo yalivyokuwa yakizimika basi likiingia msituni na kurudi likitoka. Kama kungekuwa na mlinzi juu ya boma siku hizo, angeona miti tu, mizuri sana.

Na hakuna aliyeona kutoka popote kilichokuja Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28 kuamkia 29, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, karibu miaka 100 kamili tangu Götzen avuke hapohapo akielekea upande wa pili. Walipiga kambi Benaco, wilayani Ngara, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Katika wiki moja wilaya ya pembezoni ilikuwa na moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia, na vilima vya Ngara vikaanza kubaki na visiki kadiri wakataji walivyozidi kwenda mbali. Wanyama wa Burigi na Kimisi waligeuka kitoweo. Mbali na wauaji waliojificha ndani ya umati, wengi walikuwa wanawake na watoto waliobeba godoro na sufuria. Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwarudisha Wanyarwanda kwa wingi, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea magharibi.

Hayo yote yametokea ndani ya wilaya hizi mbili, katika mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka kilimani. Historia ya mahali hapa imepita chini, njiani, na boma limekuwa likiarifiwa baadaye. Suwarora angeelewa.

Tuzungumzie basi jengo lenyewe, maana linazeeka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo lazima waziri ayatangaze moja moja. Maana yake ni kwamba maboma ya Wajerumani, yote, yako upande usio na ulinzi wa moja kwa moja, na usalama wake unategemea nani anakumbuka kuandika barua. Boma la Biharamulo lina bahati kuliko mengi: limewahi kukarabatiwa na kutumika kulaza wageni, jambo ambalo kwa maoni yangu limelisaidia kuliko hotuba yoyote. Jengo linalolaliwa hufagiliwa, na bati linalovuja juu ya kichwa cha mgeni aliyelipa hupata fundi.

Tahadhari moja kwa mafundi hao. Kuta za zamani za mawe na matofali, zilizoungwa kwa udongo na chokaa, hupumua. Unyevu unaoingia wakati wa masika hutoka wenyewe wakati wa kiangazi. Ukizipiga plasta ya saruji ili zipendeze haraka, unyevu hubaki ndani, chumvi hupanda, na baada ya miaka michache saruji hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Chokaa ni kazi zaidi na hurudiwa mara kwa mara, lakini ndiyo inayofaa. Mikindani walilijifunza jambo hili mapema. Boma lao lilikuwa limebaki gofu, na miaka ya 1990 shirika la misaada la Trade Aid lililikarabati likawa hoteli inayofundisha vijana wa pale upishi na huduma, na mnara wake sasa hupandwa jioni na watu wanaotaka kutazama ghuba ambayo David Livingstone aliondokea mwaka 1866.

Biharamulo haina bahari, na wageni wake wengi ni watu wa kazi: wakaguzi, wafanyabiashara wa dhahabu ya upande wa Mavota, madaktari, watu wa hifadhi, mara moja moja msafiri anayekwenda Burigi. Hao wanatosha kuanzia. Mimi ningepewa ukuta mmoja wa ndani, ule unaokinga mvua, ningechora juu yake ramani ya kile kinachoonekana kutoka langoni: njia ya misafara ya hongo, njia ya Wabelgiji wa 1916, mpaka wa hifadhi, barabara ya malori mpaka Rusumo. Kabla ya kuweka rangi ningezunguka kwanza Runazi, Lusahunga, Nyakahura na Kalenge kuwauliza wazee majina ya vijiji ambamo wazazi wao walihamishwa, maana hayo hayamo kwenye ramani zinazouzwa dukani, na wanaoyajua wamebaki wachache.